Nia Iliyositirika: Yusuf bin Hasan na Tatizo la Mhusika Mwovu katika Masimulizi ya Mombasa

1. Utangulizi

Kila hadithi yenye mtu mwovu humwachia msikilizaji swali moja ambalo halimwondoki hata baada ya hadithi kwisha: mtu huyu alitaka nini hasa? Msimulizi huwa amekwisha kutaja sababu, lakini msikilizaji hatosheki nayo. Huona kwamba sababu iliyotajwa ni nyepesi mno kwa kitendo kizito kama kile, naye huanza kutafuta nyingine iliyofichwa. Katika zama zetu tabia hii imejitokeza wazi miongoni mwa vijana wanaocheza michezo ya video ya kifantasia, yenye falme za kubuni, wachawi na mazimwi. Wachezaji hao hawaridhiki kumshinda mfalme dhalimu, bali hushindana kueleza siri yake. Mmoja hushikilia kwamba mfalme yule aliteketeza miji ili kuzuia balaa kubwa zaidi; mwingine hudai kwamba alikuwa akilipa kisasi cha jamaa yake; wa tatu huonyesha neno moja alilolitamka, au kaburi alilolizuru, na kulifanya ndilo ufunguo wa kisa chote.

Mhakiki wa fasihi angeweza kuyapuuza hayo kuwa ni mazungumzo ya barazani. Makala haya hayachukui msimamo huo. Yanadai kwamba tabia ya kumbunia mwovu nia iliyositirika ni kongwe kuliko michezo hiyo, na kwamba kisiwa cha Mombasa kina kisa cha kihistoria ambacho kwa muda wa karibu karne nne kimesimuliwa kwa njia hiyohiyo. Kisa hicho ni cha Yusuf bin Hasan, sultani aliyejulikana kwa Wareno kama Dom Jerónimo Chingulia, na mauaji aliyoyaongoza katika Ngome ya Yesu mwaka 1631. Hoja yetu ni kwamba nadharia zilizotolewa kuhusu nia ya Yusuf hutufahamisha mahitaji ya wasimulizi kuliko zinavyotufahamisha moyo wa Yusuf. Na kwamba masimulizi ya Waswahili wenyewe kuhusu usaliti yana njia nyingine ya kuuliza swali hilo, ambayo wahakiki hawajaipa uzito unaostahili.

2. Kisa chenyewe

Inafaa kwanza kuyapanga matukio ambayo wanahistoria kwa jumla wanakubaliana juu yake. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa mchoro wa Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Wakati huohuo ukoo wa kale wa watawala wa Mvita ulikuwa umekwisha kuangushwa, na Wareno wakamleta Mombasa sultani wa Malindi, aliyekuwa rafiki yao wa siku nyingi. Sultani huyo aliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne ya 17 kisiwa kilikuwa na wakubwa wawili: kapteni wa Kireno ndani ya ngome na sultani nje yake, nao waligawana mapato ya bandari moja.

Mgawanyo huo haukudumu kwa amani. Hasan bin Ahmad, sultani wa pili wa ukoo huo katika Mombasa, aligombana na kapteni Manuel de Melo Pereira, akakimbilia bara. Mwaka 1614 aliuawa huko na watu wa bara kwa uchochezi wa Wareno, na kwa mujibu wa masimulizi ya Kireno yenyewe kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto wa miaka kama saba, naye alipelekwa Goa. Huko alilelewa na watawa wa shirika la Mtakatifu Agustino, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, na alipokuwa kijana akatumika katika vyombo vya vita vya Kireno. Baadaye alirudishwa Mombasa awe sultani, Mkristo miongoni mwa raia Waislamu.

Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kikristo ya Kupalizwa Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni pamoja na wafuasi wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Katika siku zilizofuata Wareno wa mjini, wake kwa waume, pamoja na watawa na Waafrika waliokuwa wamebatizwa, walitakiwa kusilimu, na wengi waliokataa wakauawa. Mwanzoni mwa mwaka 1632 manowari kutoka Goa zilikuja kuirudisha ngome, zikaizingira kwa miezi kadhaa, zikashindwa na kuondoka. Lakini Yusuf, aliyekuwa ameshinda, hakukaa. Mwaka huohuo aliiacha Mombasa kwa chombo alichokiteka, akaenda zake Arabuni, akaishi maisha ya kushambulia vyombo vya Wareno baharini, na akafariki yapata mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu. Wareno walirudi wakaikuta ngome haina mwenyewe.

Hizo ndizo habari. Katika habari hizo hamna kauli hata moja ya Yusuf mwenyewe inayotueleza kwa utulivu kwa nini alifanya aliyoyafanya. Kila tunachokijua juu ya nia yake kimesemwa na mtu mwingine, na aghalabu adui.

3. Nadharia nne na upungufu wake

Mtu akiyakusanya maelezo yaliyokwisha kutolewa ataona kwamba yanaweza kupangwa katika mafungu manne. Fungu la kwanza linamwona Yusuf kuwa mnafiki. Kwa maoni hayo ubatizo wa Goa haukuingia moyoni, na chuki yake dhidi ya dini ya walezi wake ilikuwa ikingoja nafasi tu. Fungu la pili linamwona kuwa mlipa kisasi, yaani mtoto aliyeikumbuka damu ya babake. Fungu la tatu linamwona kuwa mtu aliyeingiwa na hofu: kapteni alikuwa amekwisha kumshuku na alikusudia kumkamata na kumpeleka Goa ahukumiwe, naye akaamua kutangulia. Fungu la nne, ambalo lilipata nguvu baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, linamwona kuwa mpinzani wa utawala wa kigeni. Vitabu vya historia vya shule vimezoea kuliweka tukio la 1631 katika sura ya upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wareno.

Kila moja ya nadharia hizo ina ushahidi wake, na kila moja inaacha sehemu ya kisa bila maelezo. Ikiwa Yusuf alisukumwa na chuki ya dini peke yake, inakuwa vigumu kueleza kwa nini alivumilia usultani wake wote wa Kikristo hadi siku ile. Ikiwa alisukumwa na kisasi, basi ni lazima tukumbuke kwamba kapteni aliyeuawa mwaka 1631 siye yule aliyegombana na Hasan miaka 17 kabla. Ikiwa ni hofu, tunaelewa kwa nini alimwua kapteni na kwa nini alifanya hivyo wakati ule, lakini hatuelewi kwa nini waliuawa watawa, wanawake na Waafrika waliobatizwa, ambao hawakuwa na uwezo wa kumpeleka popote. Na ikiwa alikusudia kuikomboa Mombasa, hatuna jibu la swali lililo wazi kuliko yote: kwa nini aliihama Mombasa baada ya kuilinda na kushinda?

Tunayoyasema hayamaanishi kwamba nadharia zote ni za uongo. Inawezekana kabisa kwamba mtu mmoja alikuwa na hofu, kinyongo, imani na tamaa kwa wakati mmoja. Binadamu ndivyo alivyo. Jambo tunalotaka kulionyesha ni jingine. Kila nadharia hulichagua tendo moja katika kisa na kulipa cheo cha kuwa tendo la kweli, kisha mengine yote huyageuza kuwa vivuli vyake. Hata jina huchaguliwa kwa njia hiyo. Anayemwita Jerónimo amekwisha kuamua kwamba kisa ni cha Mkristo aliyeasi. Anayemwita Yusuf amekwisha kuamua kwamba kisa ni cha Mwislamu aliyerejea. Jina hutangulia, na nia hufuata nyuma yake.

4. Kiapo na moyo

Nadharia ya kwanza inahitaji kutazamwa kwa undani zaidi, kwa sababu ndiyo iliyotupatia sehemu kubwa ya habari zote nyingine. Baada ya mauaji, ushahidi wa viapo ulikusanywa kutoka kwa watu waliookoka na waliosikia. Ushahidi huo ulichapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza na G.S.P. Freeman-Grenville mwaka 1980, na tangu hapo umekuwa hazina kubwa kwa wanahistoria wa pwani. Ni ushahidi wenye thamani, na hakuna sababu ya kudhani kwamba waliouawa hawakuuawa au kwamba mashahidi walikuwa wakicheza na viapo vyao.

Hata hivyo mhakiki wa fasihi ana wajibu wa kuuliza swali ambalo mwanahistoria anaweza kulipita: matini hii ni ya utanzu gani, na utanzu huo unadai nini? Ushahidi ulikusanywa ili waliokufa watambuliwe kuwa wafia dini. Katika sheria ya Kanisa Katoliki haitoshi mtu kuuawa ili aitwe mfia dini. Ni lazima ithibitike kwamba muuaji alimwua kwa kuichukia imani, na kwamba aliyeuawa aliipokea mauti kwa ajili ya imani hiyo. Mtu aliyeuawa kwa sababu ya ugomvi wa ushuru si mfia dini, hata kama alikuwa mtawa mwema. Wala si mfia dini aliyeuawa katika kisasi cha damu au katika vita vya kugombea ngome.

Kwa hiyo nia ya Yusuf ilikuwa ndiyo nguzo ya shauri lenyewe. Swali kuhusu moyo wake liliulizwa kwa sababu mahakama haikuweza kuendelea bila jibu, na jibu lenye manufaa lilikuwa moja tu. Shahidi aliyeulizwa kwa utaratibu huo angekumbuka zaidi maneno ya sultani juu ya dini kuliko maneno yake juu ya mapato ya forodha. Hapa hatumtuhumu shahidi kwa uongo. Tunasema tu kwamba utanzu wa matini ulichuja kumbukumbu, kama vile utanzu wa utenzi unavyochuja, na kama vile kitabu cha shule kinavyochuja. Mhusika mwovu mwenye chuki safi, isiyochanganyika na jambo lolote la dunia, alihitajika ili wahusika wema nao wawe safi.

Linganisha jambo hilo na maandishi ya jiwe yaliyowekwa juu ya lango la Ngome ya Yesu. Maandishi hayo yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na umri wa miaka 27, kwa kuitengeneza upya ngome na kuwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu. Yanataja pia jinsi alivyoziadhibu Pate na Siu, akabomoa kuta za miji, na jinsi alivyowaua wakuu wa Pemba kwa uamuzi wake mwenyewe. Mtu akiyasoma kwa makini ataona kwamba matendo ya Cabreira yaliyochorwa pale, yaani kuua na kubomoa, hayatofautiani sana kwa sura na matendo ya mtu anayeitwa dhalimu katika jiwe hilohilo. Lakini hakuna aliyewahi kuandika nadharia kuhusu nia iliyositirika ya Cabreira. Nia yake imechorwa waziwazi, nayo ni utumishi kwa mfalme wake, na wasomaji wameipokea.

Hapo ndipo tunapoanza kuona jinsi swali la nia iliyofichwa linavyofanya kazi. Haliulizwi kwa kila anayeua. Huulizwa kwa yule ambaye kitendo chake kimekwisha kuhesabiwa kuwa hakina sababu ya kawaida. Kumtafutia mtu siri ni kukubali kwanza kwamba sababu zilizo wazi, kama vile theluthi ya ushuru, dharau za makapteni na kichwa cha baba kilichopelekwa ng'ambo, hazitoshi kumwelewa.

5. Kaburi la usiku

Katika kisa chote hiki hakuna tukio lililopendwa na wasimulizi kuliko lile la kaburini. Inasimuliwa kwamba Yusuf alikuwa akienda usiku kwa siri katika kaburi la babake, na huko akisali kwa desturi ya Kiislamu. Kwamba mtu mmoja alimwona akamwarifu kapteni. Na kwamba habari hiyo ndiyo iliyoanzisha mpango wa kumkamata, ambao nao ulimfanya Yusuf aanze yeye. Justus Strandes, Mjerumani aliyeandika historia ya Wareno katika Afrika ya Mashariki mwaka 1899, na waandishi waliomfuata, wamelisimulia tukio hilo kwa namna moja au nyingine, na limekuwa kiini cha simulizi.

Kwa jicho la mhakiki, tukio hilo lina umbo linalofahamika. Lina usiku, kaburi, mtu aliyejitenga na jicho lisiloonekana. Kwa mara moja tu mwovu anaonekana jinsi alivyo anapodhani haonekani. Kila msomaji wa hadithi, na kila mchezaji wa michezo tuliyoitaja mwanzoni, angelitambua mara moja kuwa ni mahali ambapo siri hufunuliwa. Ndiyo maana nadharia zote nne zimeling'ang'ania. Wa unafiki wanaiona sala. Wa kisasi wanaliona kaburi. Wa hofu wanamwona mpelelezi. Wa upinzani wanamwona mwana wa nchi akirejea kwa wazee wake. Tukio moja linatoa ushahidi kwa pande zote, na hiyo peke yake ingetosha kututia hadhari.

Lakini hebu tulitazame tukio hilo kwa macho ya mtu wa Mji wa Kale. Kuzuru kaburi la mzazi na kumwombea dua ni wajibu wa mwana, na hata leo ni jambo la kawaida kabisa mjini. Uislamu nao haukuwa jambo la siri katika kisiwa hicho. Msikiti wa Mandhry, ambao hunasibishwa na mwaka 1570, ulikuwa umekwisha kusimama kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa, na raia wa sultani walikuwa wakisali hadharani. Sala ilifanywa kuwa siri kwa sababu ya aliyesali, mtu ambaye walezi wake walikuwa wamempa jina jingine na ambaye kila tendo lake la uana liliweza kusomwa kuwa uasi. Kichwa cha baba na mwili hai wa mtoto vilikuwa vimepelekwa katika mji mmoja. Aliporudi, kumlilia babake kulikuwa kosa.

Katika masikio ya Kiswahili, basi, mtu wa maana katika tukio hilo si sultani aliyepiga magoti. Ni yule aliyemwona akaenda kusema. Bila yeye pana mwana na kaburi tu. Kwa neno lake mwana amekuwa mwasi na kapteni amekuwa windo. Wasimulizi wa viapo walimtumia mtu huyu kama dirisha la kuuchungulia moyo wa Yusuf, kisha wakamsahau. Masimulizi ya Waswahili hayamsahau mtu wa namna hiyo. Yana jina la kazi yake, nalo ni fitina.

6. Fitina na ahadi: mifano miwili ya Kiswahili

Dai hilo linahitaji mifano. Tuanze na kisa cha Fumo Liyongo, kilichoandikwa kwa nathari katika kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870 na kutungwa kwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Msaliti katika kisa hiki ni mwana wa Liyongo mwenyewe, ambaye alimdadisi babake siri ya kifo chake, kisha akamchoma kitovuni kwa msumari wa shaba. Pangekuwa na nafasi gani bora zaidi ya kubuni nia iliyositirika? Mwana amwuaye baba angeweza kupewa wivu au uchungu wa utotoni. Lakini kisa hakifanyi hivyo. Nia ya mwana imewekwa mezani tangu mwanzo: mtawala wa Pate alimwahidi cheo na mke. Na ahadi yenyewe haikumfaa, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa aibu. Kisa hakimchungulii mwana ndani ya moyo. Kinamfuata yule aliyemnunua. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini msimulizi anataka pia tujue ni nani aliyekitia nguoni.

Mfano wa pili unaturudisha katika ngome ileile. Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, maarufu kwa jina la al-Akida, alikuwa mkuu wa askari wa Sultani wa Unguja katika Ngome ya Yesu. Uhasama baina yake na wakubwa wengine wa mji, pamoja na shaka iliyokuwapo kati yake na Sultani Barghash bin Said, uliishia katika vita. Na Januari 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga ngome mizinga hadi akasalimu amri. Kisa hicho kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud Mazrui, nao ulichapishwa na Sir Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950 pamoja na maelezo ya kihistoria. Mtunzi alitoka katika ukoo uliokuwa umeitawala Mombasa kutoka ngome hiyohiyo hadi mwaka 1837, na kwa hiyo hakuwa mgeni wa siasa za mahali hapo.

Tenzi za visa vya utawala zina desturi ya kuyaendesha mambo kwa ujumbe: barua hutumwa, jibu huja, mshauri hunong'ona, mkubwa hukasirika. Msikilizaji haingizwi ndani ya nafsi ya mhusika. Huwekwa katikati ya maneno yanayopita kati ya watu, na huonyeshwa jinsi neno moja linavyozaa jingine mpaka mizinga ikalia. Kisa cha al-Akida kimo katika mkondo huo. Mtu huyu aliasi na mji ulidhurika kwa uasi wake, lakini anaeleweka kwa kutazama mtandao wa shaka uliomzunguka.

Tofauti tunayoiona hapa haitokani na uchanga wa sanaa, kama walivyodhani baadhi ya wahakiki waliolalamika kwamba wahusika wa tenzi hawana undani wa kisaikolojia. Inalingana na msimamo wa kimaadili uliokita katika jamii ya Waislamu wa pwani. Kwa msimamo huo nia ni jambo zito kuliko matendo yote, na kwa uzito wake huohuo imeachiwa Mungu. Kadhi huhukumu yaliyo dhahiri, na ya moyoni yana Mwenyewe. Msimulizi aliyekulia katika msimamo huo anaweza kueleza nani alimwambia nani, nani aliahidi nini, nani alivunja ahadi. Hawezi bila kusitasita kudai kwamba ameufungua moyo wa mtu akausoma.

7. Kueleza na kutetea

Msomaji anaweza kutuuliza: je, njia hii haimpunguzii Yusuf lawama? Swali ni la haki, na ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa waliokufa mwaka 1631 hawakuwa wahusika wa kubuni. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, na walikuwamo Waafrika ambao masimulizi ya ukombozi hayajawapatia mahali, kwa sababu hawakuwa wageni wala hawakuwa wapinzani.

Jibu letu ni kwamba hatari ya kumtetea mwovu imo zaidi katika kumtafutia siri. Nadharia ya nia iliyofichwa, iwe ya mchezaji wa michezo ya video au ya mwanahistoria, ina kawaida ya kuishia katika mojawapo ya njia mbili. Ama inamfanya mwovu kuwa mwovu zaidi, kwa kudai kwamba hata wema wake wote wa zamani ulikuwa hila. Ama inamgeuza kuwa shujaa, kwa kudai kwamba hata damu aliyoimwaga ilikuwa na lengo jema tusilolijua. Katika njia zote mbili watu waliouawa wanatoweka. Wanakuwa ushahidi wa moyo wa mtu mwingine. Maandishi ya viapo yaliwatumia kuthibitisha chuki. Masimulizi ya upinzani huwataja kwa haraka ili yasiuharibu ushujaa.

Kulitazama tukio kwa njia ya fitina na ahadi hakumwondolei Yusuf tendo lake. Aliingia ngomeni kwa miguu yake, na alikuwa na nafasi ya kusimama baada ya kapteni kufa. Hakusimama. Lakini njia hiyo inawaongeza watu katika kisa badala ya kuwapunguza. Inamrudisha kapteni wa mwaka 1614, watu wa bara waliochochewa, watawa waliomlea mtoto aliyefiwa na kumpa jina jipya, mtu aliyeona kaburini na kwenda kusema, na wale waliokufa bila kuhusika katika lolote. Kosa linabaki kuwa la mtendaji, ilhali kisa kinakuwa cha mji mzima.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nia ya Yusuf bin Hasan, kama inavyosimuliwa, ilizaliwa katika haja za wasimulizi: mahakama iliyohitaji chuki safi ya dini, kapteni aliyehitaji adui wa kuchorwa katika jiwe, na taifa changa lililohitaji mashujaa wa kale. Tumeonyesha pia kwamba fasihi ya Kiswahili, katika kisa cha Liyongo na katika Utenzi wa al-Akida, hulijibu swali la uovu kwa kuyafuata maneno na ahadi zilizopita baina ya watu.

Kwa mwalimu wa fasihi, jambo hili lina matumizi ya karibu. Mwanafunzi anapokuja darasani na nadharia yake kuhusu siri ya mfalme mwovu katika mchezo aupendao, haifai kumkejeli, kwa kuwa anafanya kazi ileile waliyoifanya waliokusanya viapo vya 1631 na wote waliowafuata. Inafaa kumwuliza maswali mengine matatu: ni nani anayesimulia, anahitaji mwovu wa namna gani, na ni nani aliyekwenda kusema. Jiwe la Cabreira lingali juu ya lango la ngome, na wanafunzi wa Mombasa hupita chini yake kila mwaka katika ziara zao. Linamtaja mfalme dhalimu. Halimtaji baba yake, wala halimtaji yeyote kati ya waliouawa.